Chavela Vargas na uzawa wake

Mkuu, umesema mwimbaji Chavela Vargas ni mzaliwa wa Meksiko na kwamba aliimba na mariachi, zile bendi za Kimeksiko za tarumbeta, fidla na magitaa. Hapana, hakuzaliwa Meksiko. Kazaliwa San Joaquín de Flores, Kosta Rika, Aprili 1919, akahamia Meksiko akiwa bado kijana. Ila uraia wa huko aliupata na ndiko alikofia, Cuernavaca, Agosti 2012, akiwa na miaka 93. Kwa hiyo anayemwita Mmeksiko hajakosea sana.

Hilo la kuimba na mariachi ndilo si kweli. Nasikiliza ranchera, nyimbo za jadi za Meksiko, miaka mingi, na kilichonishika kwake ni kwamba alizivua tarumbeta na fidla zote, akabaki na gitaa. Sauti nzito, kavu. Neno analiburuta mpaka unadhani limekatika, kisha analimalizia kwa kunong'ona. Halafu nyimbo ambazo wanaume walitunga kuwaimbia wanawake, yeye aliziimba vilevile, habadili jinsia. Kwetu "yeye" ni yeye tu, hakuna anayegutuka. Kwenye Kihispania inasikika papo hapo, na Meksiko ya miaka ya 1950 iligutuka kweli, hasa akipanda jukwaani na suruali na poncho, lile vazi pana la kujitupia mabegani, badala ya gauni.

Pombe nayo ilimpoteza jukwaani miaka mingi, watu wengine wakadhani keshakufa. Akarudi mwaka 1991 kwenye ukumbi mdogo wa Coyoacán, Jiji la Meksiko, na mwaka 2003 akaimba ukumbi maarufu wa Carnegie Hall, New York, bibi wa miaka 84. Anza na rekodi za uzeeni, sauti imechakaa lakini ndiyo inakata zaidi.