Sanamu ya Baba: Kagueni Udongo Kabla ya Bronzi

SWALI: Ndugu Mhariri, baba yetu, aliyekuwa mwalimu mkuu kwa miaka mingi, alifariki mwaka jana, na sisi watoto wake tumekubaliana kumwekea sanamu ya bronzi, ya kichwa na mabega, karibu na kaburi lake hapa nyumbani. Mchongaji tuliyempata anataka nusu ya malipo kabla ya kuanza kazi, na picha tulizo nazo ni chache. Baba mdogo anasema saruji ingetosha. Hofu yangu kubwa ni kulipa fedha nyingi kisha tuletewe sura ya mtu mwingine. Tufanyeje?
Binti wa Marehemu, Moshi

JIBU: Pole sana, dada, kwa kuondokewa na mzazi. Hofu yako ina msingi. Sanamu ya Mwalimu Nyerere iliyozinduliwa Februari 2024 katika makao makuu ya Umoja wa Afrika, Addis Ababa, ilizua mabishano mitandaoni, baadhi ya Watanzania wakidai haifanani naye, ilhali picha za Mwalimu zimetundikwa kila ofisi.

Bronzi, ambayo kamusi huiita shaba nyeusi, haichongwi kama mpingo. Mchongaji hufinyanga sura kwa udongo juu ya fremu ya chuma, kisha huufunika udongo huo kwa kalibu, yaani umbo la kunakilia sura, ya mpira wa silikoni inayoshikiliwa na plasta, na kalibu ikishabanduliwa, ndani yake hupaka nta yenye unene wa milimita 5 hivi. Nta hiyo hufunikwa kwa tabaka baada ya tabaka la kauri, huchomwa katika tanuri hadi iyeyuke na kutoka yote, na katika uwazi uliobaki humiminwa bronzi yenye joto la zaidi ya nyuzi 1,000 za Selsiasi. Usishangae mchongaji akikuambia kwamba udongo ataufinyanga kwake lakini bronzi itamiminwa mbali, kwa sababu karakana za kusubu sanamu ni chache katika ukanda wetu. Mojawapo iko magharibi mwa Uganda, upande wa milima ya Rwenzori.

Nimeeleza hayo ili uone mahali pa kuweka nguvu zenu. Shavu la udongo hurekebishwa kwa kidole gumba na la nta kwa kisu cha moto, lakini shavu la bronzi hukatwa kwa mashine na kuchomelewa upya, kwa gharama ambayo hakuna atakayekubali kuibeba. Kwa hiyo mkataba useme wazi kwamba kalibu haitatengenezwa kabla familia haijaukagua udongo na kutia saini. Nendeni mkiwa watu watatu au wanne waliomjua vizuri, mama akiwemo kama yu hai, mkauzunguke, kwa kuwa mtu hutambulika kwa kisogo, masikio na namna anavyoinamisha shingo. Msitumiwe picha za simu mkaridhika nazo.

Kuhusu picha, tafuteni hata moja inayomwonyesha kwa ubavu, kwani picha ya pasipoti haisemi lolote juu ya urefu wa pua. Ziombeni shuleni alikofundisha na kwa waliohudhuria harusi zenu. Kama kuna kaka yake au mwanawe aliyerithi taya au masikio yake, mpelekeni akae mbele ya mchongaji. Amueni pia ni baba wa umri gani mnayemtaka. Mimi nisingechagua sura ya miezi ya ugonjwa, ingawa ndiyo mnayoikumbuka zaidi sasa.

Nusu ya malipo mwanzoni ni nyingi mno. Gaweni malipo kwa hatua: kuanza kazi, kukubali udongo, kumimina bronzi na kusimamisha sanamu. Andikeni vilevile nani atabaki na kalibu, maana mwenye kalibu anaweza kutoa nakala nyingine.

Baba mdogo hajakosea kabisa. Ni kweli kwamba Askari wa bronzi aliyesimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 bado yuko imara, wakati saruji hupasuka nondo zake zikishika kutu. Lakini kama fedha ya bronzi ni ya kukopa, niko upande wa baba mdogo.

Mkiendelea, sanamu ifungwe kwa boliti ndefu zilizozama ndani ya msingi, kwa kuwa wanunuzi wa vyuma chakavu hawaulizi marehemu ni nani. Ioshwe kwa maji na sabuni laini, ikauke, kisha ipakwe nta mara moja au mbili kwa mwaka. Waonye wajukuu wasiisugue kwa steelwool kama sufuria ili ing'ae, kwani rangi ya kahawia iliyo juu yake hupakwa kwa dawa na moto, na kuirudisha ni lazima aitwe fundi.