Ukitaka kurekodi chumbani kama Mac DeMarco

Vijana wanaoniandikia wakitaka kuimba taratibu na gitaa, kwa sauti ya mtu aliyetoka kulala, karibu wote huanza na swali la maiki. Mimi nawatuma kwanza wakamsikilize Mac DeMarco.

Jamaa ni mwanamuziki, Mkanada, kazaliwa 1990, kakulia Edmonton. Alipohamia Montreal alikuwa hana kitu. Amesimulia mwenyewe kwamba alifanya vibarua vya barabarani, hata akakubali kufanyiwa majaribio ya kitabibu ili alipwe. Mwaka 2012 akatoa rekodi mbili za nyumbani, vyombo karibu vyote kapiga yeye. Kwenye ile ya kwanza alipunguza kasi ya kanda hadi sauti yake ikawa nzito, ya kilevilevi. Albamu ya 2014, iliyompa jina, kairekodi chumbani kwake Brooklyn.

Wengi hapo wanasikia umaskini wa vifaa. Mimi nasikia muda. Nimewahi kurekodi studio ya kulipia kwa saa hapa Dar, prodyuza anaangalia simu, mteja mwingine kakaa mlangoni anasubiri zamu. Wimbo wa polepole hautulii namna hiyo. Unaanza kuukimbiza bila kujijua. (Halafu prodyuza akashauri tuuchangamshe kidogo na mdundo wa singeli. Naipenda singeli, lakini jamani!)

Kwa hiyo rekodi kwako, usiku, bajaji zikishapungua. Zima feni, zima mtandao kwenye simu. Simamisha godoro ukutani nyuma yako, fungua kabati la nguo mbele yako, maana nguo zinameza mwangwi kuliko sponji za bei mbaya. Simu unayorekodia iwe umbali wa shubiri moja na nusu kutoka mdomoni, na uiweke pembeni kidogo. Ukiiweka mbele kabisa, kila “p” itapiga kama kofi. Feni ikizimwa chumba kinapata joto na nyuzi zinalegea, basi tuni gitaa kila unaporudia. Ndiyo, kila mara. Muziki wa kilegevu unabebwa na gitaa lililotuniwa na mapigo yasiyoyumba. Mwimbaji ndiye anayeruhusiwa kuchelewa, ngoma haichelewi. Na zile programu za kuongeza mchakacho wa kanda achana nazo, chumba chako kina mchakacho wake wa kutosha.

Usifute majaribio. Mwaka 2023 DeMarco aliachia mkusanyiko wa vipande 199, zaidi ya saa nane, vingi vikiwa na tarehe tu badala ya majina. Kuachia vyote hivyo ni anasa ya mtu mwenye mashabiki tayari, wewe usithubutu. Ila kuyapa mafaili tarehe ni tabia nzuri: nimeshaokota kiitikio kwenye faili la mwaka juzi nililokuwa nimelisahau kabisa.

Hela sasa. Za mitandao ya kusikilizia muziki ni za vocha. Huyo mwenzetu alizunguka sana majukwaani, na kufikia 2019 akawa anatoa kazi kwa lebo yake mwenyewe. Mimi kodi ya nyumba inalipwa na mikahawa ya wikendi na harusi ndogondogo. Jisajili BASATA, baraza la sanaa la taifa, kasajili nyimbo COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla hujaanza kuzisambaza. Rafiki akikupigia besi, mkubaliane asilimia siku hiyohiyo kwa maandishi, hata kwa meseji. Urafiki mwingi nimeuona ukivunjika baada ya wimbo kupigwa kwenye tangazo.

Kuna jambo moja usimwige. Mwishoni mwa rekodi yake ya 2015 alitaja anwani ya nyumbani kwake, Far Rockaway, New York, akawakaribisha wasikilizaji kahawa, na watu wakaenda kweli. Mimi nimepanga chumba na choo ni cha pamoja. Anayetaka kuonana nami aje mkahawani Ijumaa, na kahawa atajilipia.