Maswali ya Wasomaji: Leza ya Wati 40 Ikate Nini, Isikate Nini?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi wa mabango na mapambo ya mbao mjini Tanga. Nakusudia kununua mashine ya leza ya wati 40 inayoongozwa na kompyuta, na muuzaji ameniambia kuwa itakata mbao, plastiki na chuma. Je, ni kweli, na je, kuna vitu nisivyopaswa kuvikata? — Msomaji, Tanga.

JIBU: Ndugu msomaji, kwa mbao muuzaji wako amesema kweli; kwa chuma hapana; na kwa plastiki amekuachia hatari bila kukueleza.

Mashine nyingi za kiwango hicho hutumia mrija wa kioo wenye gesi ya kaboni dayoksaidi, aina ya leza iliyobuniwa mwaka 1964 na Kumar Patel katika maabara za Bell nchini Marekani. Mwanga wake usioonekana kwa macho una wimbi lenye urefu wa maikromita 10.6, ambalo plaiwudi, ngozi na akriliki (plastiki ngumu inayofanana na kioo) hulinyonya vizuri, ilhali chuma hulirudisha kwa sehemu kubwa. Ndiyo maana viwanda vya chuma siku hizi hutumia zaidi leza ya faiba, inayozalisha mwanga ndani ya uzi mwembamba wa kioo, yenye wimbi la karibu maikromita 1.07 na nguvu ya kilowati kadhaa, huku oksijeni au naitrojeni ikipulizwa kwenye mkato. Kazi ya chuma wapelekee wenye mashine hizo. Yako itakutosha kwa plaiwudi ya milimita 3.

Plastiki ndiyo inayonitia wasiwasi, kwa kuwa wewe ni mtu wa mabango. Akriliki hukatika vizuri na kuacha ukingo unaong'aa, lakini yale mabamba mepesi meupe ya mabango mara nyingi ni PVC, yaani plastiki yenye klorini ndani yake, na PVC ikiungua hutoa gesi ya haidrojeni kloraidi, ambayo ikikutana na unyevu huwa asidi, ikachoma mapafu yako na kutia kutu reli za mashine. Ngozi ya bandia nayo mara nyingi ina PVC. Usipojua bamba ni la aina gani, toka nje penye hewa, pasha waya wa shaba kwenye moto hadi rangi ya mwali isibadilike tena, gusisha waya huo kwenye kipande kidogo cha plastiki, kisha urudishe motoni: mwali ukiwa wa kijani, mna klorini, na bamba hilo lisiingie kwenye mashine kabisa.

Hata akriliki na plaiwudi hushika moto, kwa hiyo usiondoke mashine ikiwa kazini hata kwa dakika moja, weka kizimamoto karibu, na feni itoe moshi nje ya jengo. Hakikisha pia maji ya kupoza mrija yanazunguka kabla ya kuwasha leza, kwani mrija ukipata joto kupita kiasi huharibika.

Kwa viungo vya mbao, kumbuka kuwa leza hula sehemu ndogo ya ubao. Kata mraba wa milimita 50 na uupime kwa kalipa, ukipata 49.8, upana wa mkato ni milimita 0.2, nawe urekebishe mchoro wako kwa kiasi hicho ili viungo visilegee.