Fundo nililolifunga mwenyewe

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: "Je, michango ya chakula kwa wanafunzi na familia zenye njaa inasaidia kweli, au inawazoesha watu kupokea?" Nililisoma swali lenu asubuhi nikaliacha. Mchana nikalirudia. Sasa ni usiku, watoto wamelala, na nimeona niandike kwa sababu mmenigusa penye kidonda. Nimefundisha shule ya msingi miaka kumi na tisa, na kwa miaka saba kati ya hiyo mimi ndiye niliyesimamia ukusanyaji wa chakula pale shuleni.

Hilo la kuzoea nitalimaliza haraka. Sijawahi kumwona mzazi anayefurahia kusimama kwenye foleni ya kilo mbili za mchele huku majirani wakipita. Sijawahi kumwona mtoto aliyezoea njaa. Nimewaona waliozoea kuificha, na hilo ni jambo jingine kabisa. Mwalimu yeyote atawaambia kwamba Jumatatu asubuhi darasa huwa zito kuliko Alhamisi, maana katikati zimepita siku mbili ambazo jiko la shule halikuwashwa.

Ninalotaka kuuliza mimi ni hili: tunakusanyaje, na nani anatazama wakati tunakusanya?

Mwaka mmoja uongozi wa shule uliamua tuyashindanishe madarasa. Kila darasa lilipewa sanduku, likawekwa mbele, chini ya ubao. Asubuhi, baada ya kuita majina, mwenye kitu alisimama, akatembea mpaka mbele, akakitia sandukuni, na kiranja akachora mstari kwenye chati ukutani. Darasa litakaloongoza lingepewa nusu siku ya michezo. Wazo halikuwa langu, lakini nililishangilia. Kwa siku mbili tu tulipata chakula kingi kuliko muhula mzima uliotangulia, na stoo ikajaa mpaka mlangoni.

Hapa lazima nieleze habari ya mafundo, msinichoke. Muhula uliotangulia tulikuwa tumepata magunia ya maharage. Mimi na akina mama wawili wa kamati tulikaa stoo kutwa nzima tukiyapima na kuyafunga kilo moja moja katika mifuko myembamba. Mimi nina namna yangu ya kufunga, niliyofundishwa na mama: unausokota mdomo wa mfuko mara mbili, unaukunja, unapitisha ncha katika kitundu, halafu unaivuta kwa chini mpaka ikae kama kifungo. Haifunguki kwa vidole. Inataka mkasi au meno. Juu ya kila mfuko tulibandika kipande cha utepe mweupe, nikaandika tarehe kwa kalamu nyekundu, maana stoo isiyo na tarehe hutoa vipya na kuoza na vya zamani.

Siku ya tatu ya mashindano, kijana mmoja wa miaka kumi, aliyekaa safu ya dirishani, alikuja mbele ameficha kitu chini ya sweta.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Weka tu."

Wenzake walikuwa wakivitupa vitu sandukuni vikilia pu! Yeye aliinama, akauweka mfuko taratibu kwa mikono miwili, kama mtu anayemlaza mtoto. Kiranja akachora mstari. Darasa likapiga makofi.

Jioni nilikaa peke yangu kuchambua. Kazi hii wengi hawaijui. Kopo lililobonyea kwenye mshono unaliweka kando. Kopo lililovimba hulifungui hata kidogo, unalitupa, kwa kuwa sumu ya botulizimu, inayotengenezwa na vijidudu ndani ya kopo, haihitaji kunuka ili iue. Unga unaupitisha kwenye mwanga kuangalia wadudu. Unasoma tarehe moja baada ya nyingine mpaka macho yanauma. Basi nilikuwa naingiza mkono na kutoa, naingiza na kutoa, mara vidole vikagusa fundo. Vidole vililijua kabla ya macho. Nikautoa mfuko, nikausogeza karibu na taa. Utepe ulikuwa umekwanguliwa kwa ukucha, lakini pembeni ilibaki alama nyekundu na nusu ya namba ya mwezi. Mwandiko wangu.

Yalikuwa maharage ya stoo ile ile. Yalitoka mikononi mwangu, yakaenda kwao, yakakaa huko muhula mzima, na sasa yamerudi. Jina la mama yake lilikuwa kwenye orodha ya wanaopokea. Niliiandika mimi.

Nilijiuliza kwa nini hawakuyala. Jibu nilikuja kulipata kwa mama mwingine wa kamati, na tangu siku hiyo sijalisahau: maharage makavu yanataka saa mbili tatu za moto. Mtu anaweza kuwa na maharage ndani na bado alale na njaa kwa sababu hana cha kuwashia. Kilo ile ilikuwa inasubiri siku ya kuni au gesi. Na kwa mtoto anayetafuta kitu cha kupeleka shuleni, ndicho kilichokuwepo.

Siku ya nne hakuleta kitu. Alipoitwa jina alijibu akiangalia dawati. Mtoto wa nyuma yake akasema, "Unatuangusha." Nililisikia neno hilo vizuri sana. Nikaendelea kuita majina.

Hapo ndipo penye kidonda nilichowaambia. Sikumkemea aliyesema. Sikuibandua chati. Ule mstari wa kijana wa siku ya tatu uliachwa, darasa lao likashika nafasi ya pili kwa tofauti ya mifuko miwili, na mimi ndiye niliyesoma matokeo mbele ya shule.

Mfuko nao niliuweka kwenye rafu peke yake kwa siku kadhaa. Nikiupeleka kwao, namwambia mama mtu kwamba mwanawe amechukua chakula cha nyumbani, tena mbele ya mtoto mwenyewe. Nikinyamaza, familia imepoteza kilo moja. Siku ya kugawa, majina yalisomwa kwa sauti kama kawaida yetu wakati ule, mama akaja mbele, nikampa fungu lake na ule mfuko juu. Aliupokea, akaugeuza, akapitisha kidole gumba kwenye utepe uliokwanguliwa. Akaniangalia. Nami nikamwangalia.

"Ahsante, mwalimu," akasema, akaufunika kwa kitambaa pamoja na vingine, akaondoka.

Hatukuwahi kulizungumza.

Baada ya hapo, kwa miaka mingi nilikuwa mtu wa kusema: acheni masanduku, toeni fedha. Na nilipoanza kuandika jibu hili nilikusudia kusema hivyo hivyo. Hoja zake bado nazishikilia. Anayechangia huenda dukani akanunua mfuko mmoja kwa bei ya rejareja, wakati mkusanyaji mwenye fedha zile zile angenunua kwa jumla na kupata zaidi, tena kile hasa kinachotakiwa. Kwenye masanduku nimetoa viungo vya keki, makopo ambayo tarehe ilipita mtoaji akiwa bado hajaoa, na chupa ya siki iliyofunguliwa. Watu hutoa kilichobaki nyuma ya kabati. Sisemi wana nia mbaya. Ndivyo sanduku linavyowaelekeza.

Na zaidi ya fedha kuna jambo kubwa: sahani ya shuleni kwa kila mtoto, bila orodha. Ufini walitunga sheria mwaka 1943, na kufikia 1948 kila mtoto wa shule za msingi alikuwa na haki ya mlo wa bure, mwenye nacho na asiye nacho. Nchini India, Mahakama ya Juu kabisa ya nchi iliamuru mwaka 2001 kwamba watoto wa shule za msingi za serikali wapewe chakula kilichopikwa. Taarifa ya Shirika la Mpango wa Chakula Duniani ya mwaka 2022 ilitaja watoto wapatao milioni 418 wanaokula shuleni duniani kote. Pale ambapo kila mtoto ana sahani, hakuna anayejua nani kwao hakuna kitu. Hakuna chati. Hakuna wa kumwangusha mwenzake.

Lakini nimeandika mpaka hapa na mkono umeanza kusita.

Kwanza, sahani ile hujengwa kwa miaka, na Jumatatu inakuja kila wiki. Likizo nayo ikifika, jiko la shule linafungwa lote. Halafu kuna wanafunzi wa vyuo, ambao hakuna jiko linalowahesabu kabisa. Hao njaa yao haionekani, wanavaa vizuri, wana simu, wanacheka, na usiku wanakunywa maji wakalala. Katika Chuo Kikuu cha Michigan State nchini Marekani, wanafunzi wenyewe walianzisha benki yao ya chakula, yaani mahali pa kukusanyia chakula na kuwagawia wenye uhitaji, mwaka 1993, na mfano huo umesambaa vyuo vingi. Hawakungoja sheria. Mwanafunzi wa bweni asiye na jiko mpe kinacholika bila moto. Kilo ya maharage makavu kwake ni mzigo tu, kama ilivyokuwa kwa yule mama.

Pili, fedha haziwezi kuokoa chakula ambacho tayari kipo na kinakwenda jalalani. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, karibu sehemu tatu kati ya tano zikitoka majumbani. Ufaransa ilipitisha sheria mwaka 2016 inayozuia maduka makubwa kuharibu chakula kinachofaa kuliwa na kuyataka yafanye mikataba na wanaokigawa. Hicho kinahitaji watu wenye masanduku, gari na stoo. Na hata hili wazo la benki ya chakula, John van Hengel aliyeianzisha ya kwanza kule Phoenix, Arizona, mwaka 1967, alilipata kwa mama mmoja aliyekuwa akilisha watoto wake kwa vyakula vilivyotupwa na duka. Huyo mama ndiye aliyesema pangekuwepo mahali pa kuweka na kutoa chakula kama benki. Halikutoka kwa mtoaji. Lilitoka kwa mwenye njaa.

Na tatu ni yule kijana. Miaka yote nimekuwa nikimsimulia kama mtoto tuliyemwonea, na tulimwonea, siondoi neno. Ila usiku huu, nikiandika jinsi alivyoinama na mikono yake miwili, naona kitu ambacho sikuwahi kukiona. Alitaka kuchangia. Kwa siku moja aliitwa mbele akiwa na kitu mkononi, na darasa likampigia makofi yeye. Ningefuta sanduku kabisa kama nilivyokuwa nikihubiri, ningemnyang'anya na hilo. Sijui niliweke wapi jambo hili katika hoja zangu. Naliacha hapa kama lilivyo.

Kwa hiyo jibu langu, ambalo silo nililokuja nalo: ndiyo, kusanyeni. Mwenye fedha atoe fedha, hilo silibadili, na tuendelee kuwasumbua wenye mamlaka juu ya sahani ya kila mtoto. Lakini kusanyeni. Ila msishindanishe watoto kwa kile kilichomo makabatini mwa wazazi wao, kwa sababu yoyote ile. Majina yasisomwe kwa sauti. Anayepokea achague mwenyewe rafuni, kwa kuwa yeye ndiye anayejua kama nyumbani kuna moto, kama kuna mgonjwa wa sukari, kama kinachohitajika wiki hii ni sabuni au taulo za kike kuliko mchele. Na mtoto akileta, pokeeni bila kumpigia makofi na bila kumuuliza. Hili la mwisho naweza kuwa nakosea. Pengine kuna mwalimu mwenye njia bora, na ningependa kuisoma humu wiki ijayo.

Shuleni kwetu tunaanza tena Jumatatu. Sanduku ni moja tu, la shule nzima, limefunikwa, lina tundu juu. Nimeliweka kwenye korido ya nyuma, karibu na bomba la maji, ambako kila mtu ana sababu ya kupita.

Mwalimu, msomaji wenu wa siku nyingi