Bakteria wa pakiti hawali udongo

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nina bwawa la udongo, mita 20 kwa 15, kina mita moja, lenye sato wapatao 1,500 na kambale wachache. Halijakaushwa mwaka wa tatu sasa. Ukiingia, tope jeusi linafika nusu ya muundi na linanuka yai viza. Nilinunua pakiti mbili za nusu kilo za bakteria wa kula tope. Muuzaji akaniambia niwavundike na kilo tano za molasi kwa siku tatu, nikamwaga. Tope liko palepale, na alfajiri sato wanahema juu ya maji. Niongeze pakiti au ninunue mashine ya hewa? (Msomaji, Chanika)

JIBU: Pakiti usiongeze, na molasi usiiguse tena. Mashine ya hewa nunua, ila usiiwashe usiku kucha siku ya kwanza. Kesho na keshokutwa usilishe kabisa. Kama una kisima, ingiza maji mapya alfajiri ukiyarusha hewani yaanguke kwa kishindo, kwa sababu maji ya kisima mara nyingi hutoka na oksijeni kidogo. Maji ya bomba yana klorini, usiyafungulie moja kwa moja bwawani.

Sasa tuingie kwenye hao bakteria. Wafugaji wengi wameaminishwa kwamba bwawa linanuka kwa sababu limepungukiwa bakteria. Piga hesabu. Pakiti nzuri huwa na bakteria bilioni moja kwa gramu. Kilo yako moja, ikigawanywa kwenye lita 300,000 za bwawa lako, inatoa bakteria 3,000 na kidogo kwa kila mililita. Maji ya bwawa la kawaida yana wa kwake milioni moja au zaidi kwa mililita hiyohiyo, na gramu moja ya tope ina mamilioni kwa mamia. Umelipia nyongeza isiyofika hata nusu ya asilimia moja. Wafanyakazi wapo wamejaa humo chini, walichokosa ni oksijeni. Bila oksijeni wanaoshika kazi ni wale wa aina nyingine, wanaoozesha polepole na kutoa ile gesi ya salfa unayoisikia.

Molasi ndiyo iliyokuumiza zaidi. Bwawa lako likiwa na miligramu 5 za oksijeni kwa lita, hazina yake yote ni kilo moja na nusu. Kilo tano za molasi zina sukari kama nusu ya uzito wake, na kilo mbili na nusu za sukari, iwe bado sukari au imeshachachuka, zinahitaji zaidi ya kilo mbili na nusu za oksijeni ili zimalizike. Hata kama nusu yake inageuka miili ya bakteria, iliyobaki inatosha kukausha oksijeni ya usiku mzima. Halafu muuzaji anakuambia sato wanaohema ni dalili kwamba dawa inafanya kazi!

Kabla ya kutumia shilingi nyingine, jua tope lako ni nini. Kwenye bwawa la udongo sehemu kubwa huwa ni udongo uliomomonyoka kutoka kingo na kuletwa na maji ya mvua, na hakuna bakteria duniani anayekula mchanga au mfinyanzi. Chota tope la juu, sentimita tano hivi, sehemu tatu au nne tofauti. Jaza robo ya chupa ya lita moja na nusu, ongeza maji na kijiko cha chai cha sabuni ya unga, tikisa dakika mbili, kisha iache mpaka kesho yake. Mchanga unatua ndani ya dakika moja, udongo laini unachukua saa kadhaa, mfinyanzi ndio wa mwisho. Masalia ya chakula, kinyesi na majani utayaona kama tabaka jeusi jepesi linalochafuka ukigusa tu chupa. Hilo tabaka ndilo pekee linaloweza kupunguzwa na bakteria, wa pakiti au wa bwawani. Likiwa jembamba, hewa itakuondolea harufu na kuwaokoa samaki, lakini kimo cha tope hakitashuka.

Mashine ipi? Bwawa la mita moja ni la kina kifupi, kwa hiyo viputo vya hewa vinavyotoka chini vinafika juu kabla oksijeni haijayeyuka vya kutosha. Kwako inafaa zaidi mashine ya kuchapa maji juu, ya nusu HP. Ielekeze ili mkondo uende kwa urefu wa bwawa. Ukiielekeza ukutani itamega kingo na kukutengenezea tope jipya. Ukilazimika kutumia mawe ya hewa, yaani yale yenye vitundu yanayotoa viputo chini ya maji, yainue sentimita 20 hadi 30 kutoka chini juu ya tofali, la sivyo yanachimba tope na kuziba. Pampu ikae juu ya usawa wa maji na iwe na vali ya kuzuia maji yasirudi, maana umeme ukikatika maji hupanda kwenye mpira hadi ndani ya pampu. Kompresa ya gereji haifai: hewa yake hubeba mafuta, na haikuundwa kufanya kazi bila kupumzika. Fundi wa umeme aweke swichi inayokata yenyewe umeme unapovuja.

Tope jeusi lililokaa miaka mitatu likivurugwa ghafla linaachia gesi yote kwa pamoja, na sato wanakufa mchana kweupe huku mashine inaunguruma. Anza saa nane mchana, wakati jua limejaza oksijeni majini, kwa nusu saa tu. Kesho yake iwashe kwa muda wa saa moja, siku inayofuata saa mbili, kisha saa nne. Baada ya hapo endesha kuanzia saa nne usiku hadi saa moja asubuhi, na saa moja nyingine mchana ili maji ya juu yashuke chini. Pima oksijeni saa kumi na moja na nusu alfajiri, usipime mchana. Ikiwa chini ya miligramu 3 kwa lita, punguza chakula au vuna baadhi ya samaki. Kambale asikudanganye: anapumua hewa ya juu, hivyo anaweza kunenepa kwenye maji yanayoua sato.

Dawa halisi ya kimo cha tope ni kulikausha bwawa. Vuna, ondoa maji kati ya Juni na Septemba, liache wiki mbili hadi tatu mpaka lipasuke nyufa, ligeuze kwa jembe likauke tena. Udongo uliozidi utoe kwa koleo upeleke kwenye migomba. Ukiuacha juu ya kingo, masika itaurudisha. Kisha chokaa ya kilimo, kilo 30 hadi 60 kwa eneo lako kama udongo una tindikali. Panda ukoka kwenye kingo na chimba mfereji wa kukinga maji ya mvua.

Pakiti zina nafasi yake ndogo, hasa kwenye matangi na mabwawa mapya ya turubai, ambako hakuna udongo wenye bakteria wake. Hata huko, kunyonya uchafu kwa mpira wa inchi mbili kunashinda pakiti. Ukinunua, soma: aina ya bakteria, idadi kwa gramu, tarehe ya mwisho. Wa jamii ya Bacillus hujifungia ndani ya mbegu ngumu, wanavumilia kukaushwa. Wanaogeuza amonia kuwa naitreti hawana mbegu hiyo, kwa hiyo anayekuuzia hao wakiwa unga mkavu uliokaa rafuni Kariakoo miezi kadhaa anakuuzia unga. Wapo pia wanaouza bakteria pamoja na vidonge vya oksijeni au mrututu (kopa salfeti) kwenye mfuko mmoja, vimwagwe siku ileile. Vidonge hivyo hutoa peroksidi, na peroksidi na mrututu vyote viwili huua bakteria.