Choo kinapandisha maji na bafu linatoa uchafu: anzia kwenye chemba

SWALI: Fundi, habari za kazi. Niko Nzuguni, Dodoma. Choo cha ndani, cha kukaa, kina kama wiki sasa: ukimwaga maji yanapanda hadi karibu na ukingo, halafu yanashuka polepole. Nikisukuma na ule mpira wa kuzibulia wenye mpini, maji machafu yanatokea kwenye tundu la bafuni. Kwa ajili ya mgao tunamwagia kwa kopo, mara nyingi maji ya kufulia. Jirani ananiambia nimwage kostiki soda, au maji ya betri. Nifanyeje? – Mama mwenye nyumba, Nzuguni.

JIBU: Salama, mama, na pole. Hiyo kostiki iache dukani, na maji ya betri yabaki kwenye gari. Maji yakiwa yamesimama bombani, kostiki inapoa na kuzimuka njiani kabla haijaufikia uchafu, na hata kidogo kitakachofika hakiwezi kitu mbele ya pedi, kitambaa au mchanga. Halafu ukishika tena mpira wako, maji yale yanakurukia usoni. Na kama ulishamwaga chochote kabla ya kuniandikia, mwambie fundi atakayekuja kabla hajatia mkono. Wenye nyumba wanamwaga dawa usiku, asubuhi wananyamaza, anayebabuka ni fundi. Kuchanganya ndiyo balaa zaidi: dawa ya klorini ikikutana na asidi, kama hayo maji ya betri, inatoa gesi ya kubana kifua, na choo chenyewe ni chumba cha dirisha moja dogo.

Tuje kwenye tatizo. Sinki lako la choo halina kosa. Lingeziba kwenye kona yake, pale maji yanaposimama siku zote, bafu lisingehusika. Maji machafu kutokea bafuni maana yake bomba la choo na la bafu zimeshaungana, na kilichoziba kiko mbele ya hapo. Ndiyo maana mpira umekuchosha bure: unasukuma, msukumo unatokea bafuni. Ukitaka kuujaribu kwa mara ya mwisho, ziba tundu la bafuni kwa tambara lililolowa, mtu mwingine alikanyage kwa nguvu. Hakikisha maji yamefunika mpira, sukuma taratibu mara ya kwanza kutoa hewa, kisha uvute kwa nguvu. Wengi wanasukuma tu. Uchafu unaachia zaidi wakati wa kuvuta.

Isipofungua, nenda nje ukafunue chemba, yaani kile kishimo cha kukagulia bomba la maji machafu. Tafuta ule mfuniko wa zege ulio karibu zaidi na ukuta wa choo, uinue kwa nondo au mtaimbo. Mende watatoka, wapishe. Angalia ndani.

Chemba ikiwa kavu, au ina maji kidogo tu yanayochuruzika, kizuizi kiko kati ya chemba na nyumba. Hii ndiyo nafuu. Nunua mita tano au sita za bomba jeusi la plastiki la nusu inchi, lile linalouzwa likiwa limeviringishwa. Ni gumu kiasi cha kusukuma na laini kiasi cha kupinda. Liingize kutoka chemba kuelekea nyumbani, siyo kutoka sinkini. Ukitokea chini, uchafu ukiachia unakuja kwako na unautoa kwa koleo. Ukitokea juu unaushindilia mbele. Vaa glovu na gambuti, simama pembeni ya mdomo wa bomba, kwa sababu maji yote yaliyokusanyika juu yatakuja kwa mkupuo.

Chemba ikiwa imejaa, funua inayofuata, na inayofuata, mpaka ufike kwenye kavu. Kizuizi kiko kati ya iliyojaa ya mwisho na kavu ya kwanza. Ukiona nyuzinyuzi za kahawia zimening'inia kama nywele kwenye ungio, angalia kama kuna mwarobaini karibu. Mizizi yake inafuata unyevu, na kwa ukame wa Dodoma bomba linalovuja ndilo kisima chake. Hapo kuzibua ni kwa muda tu. Kipande hicho kitafukuliwa kibadilishwe.

Kwa nyumba yako lakini, mimi dau langu naliweka kwenye kopo. Kopo mbili za maji zinausafirisha uchafu mita chache, kisha maji yanauacha nyuma. Unakaa kwenye bomba la inchi nne, unakauka, wa kesho unaukuta. Maji ya kufulia nayo yana nyuzi za nguo na povu linalogeuka utando wa kijivu wenye kuteleza. Na mchanga: kung'uta suruali ya mtoto aliyeshinda anacheza nje, uone kinachotua chini ya beseni. Siwakatazi kutumia maji hayo, mgao ni mgao. Yaacheni yatulie, mwageni ya juu, yale ya mwisho yenye tope yapelekeni kwenye mti. Na yamwagwe lita nane hadi kumi kwa mara moja, ndoo ikiwa usawa wa kiuno. Ndoo moja ya mkupuo inafanya kazi ambayo kopo kumi za kudonyoadonyoa hazifanyi.

Ukifunua chemba zote ukakuta hata ya mwisho, iliyo jirani na shimo la maji taka, imejaa, basi ama mdomo wa kuingilia shimoni umezibwa na utando mgumu, ama shimo lenyewe limejaa. Kwanza sukuma lile bomba jeusi kutokea chemba kuelekea shimoni. Utando ukitoboka utasikia maji yakishuka. Yasiposhuka, usifunue shimo uchungulie, na asishuke mtu ndani hata kwa dakika moja. Gesi ya shimo inanuka yai viza mwanzoni, halafu pua inazoea na kuacha kuisikia, na mtu anaanguka pale pale. Anayemfuata kumwokoa anaanguka juu yake. Kiberiti cha kumulikia nacho hapana, kuna gesi inayowaka.

Hapo ita gari la kunyonya maji taka. Wakija, simama nao. Wanaotaka kuwahi wananyonya maji ya juu, tope linabaki chini, na baada ya muda mfupi mtawaita tena. Waambie walikoroge kwanza kwa kurudisha maji kwa mpira wao, ndipo wavute, na usiwalipe kabla hawajafanya hivyo.