Wiki saba za kumulika ulimi kwa tochi ya simu

Nilianza usiku wa siku ya tisa. Nilijifungia chooni, nikawasha tochi ya simu, nikatoa ulimi mbele ya kioo na kuanza kutafuta utando mweupe. Siku tisa kabla ya hapo nilikuwa nimelala na mwanamke tuliyefahamiana kwa muda mfupi, bila kondomu. Tangu siku ile usingizi ulikata. Nikawa nabonyeza shingo kutafuta mitoki mpaka shingo inauma, halafu maumivu hayo hayo nayahesabu kuwa ni dalili.

Mimi ni mtoto wa Muleba. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI hapa nchini walitambuliwa mkoani kwetu Kagera mwaka 1983, na wazee wetu waliuita ugonjwa ule Juliana, jina la nguo zilizokuwa zinaingia kutoka Uganda. Kwa bibi tulilelewa wajukuu saba, na watano kati yetu hawakuwa na baba wala mama. Kwa hiyo mtu akiniambia "acha woga, pima tu", naona hajui anachozungumzia. Woga wangu una makaburi, yako pale kwenye migomba nyuma ya nyumba.

Lakini kabla sijaendelea: kama jambo lako ni la jana au juzi, achana na makala hii, nenda kituo cha afya sasa hivi na useme wazi kilichotokea. Kuna dawa zinazoitwa PEP, ambazo huzuia VVU visishike mwilini. Ni lazima uzianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi, kisha unazimeza kwa siku 28. Mimi saa zangu 72 nilizimaliza kitandani, nasoma dalili kwenye simu.

Kuhusu dalili, sikiliza. Niliharisha. Nilitoka jasho usiku. Nilipungua kilo 4. Yote hayo nilikuwa nimeyasoma mtandaoni, na yote yalinipata kweli. Ila nilikuwa sili, silali, na moyo unakwenda mbio kutwa nzima. Hofu peke yake inatosha kuufanyia mwili hivyo. Hakuna anayeweza kujua ana VVU au hana kwa kuangalia ulimi wake. Utabaki pale mbele ya kioo, na kila usiku utapata kitu cha kukutisha.

Wiki ya pili nilinunua vipimo vya kujipima mwenyewe, vile vya kupitisha kwenye fizi. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2019, Mtanzania anaruhusiwa kujipima. Nilitumia vitatu ndani ya siku tano. Vyote vilionyesha mstari mmoja, na kila mara nilipata amani ya kama saa mbili hivi. Shida haikuwa vipimo. Vipimo vya namna hiyo havitafuti kirusi chenyewe, vinatafuta askari ambao mwili umewatengeneza kupambana nacho, na askari hao huchukua wiki kadhaa kufikia kiwango cha kuonekana. Ndiyo maana wanakwambia urudi baada ya miezi 3. Kupima kila baada ya siku mbili ndani ya kipindi hicho ni kujichosha bure.

Wiki ya saba nikaenda kituo cha afya. Nilimkuta mnasihi mtu mzima, kavaa kandambili za hospitali, ana daftari kubwa mbele yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, kaa. Umekuja kupima nini?"

"Ngoma."

"Na mengine?"

Nilinyamaza. Mengine sikuwahi kuyawaza hata siku moja. Akaniuliza kama nimewahi kuona kidonda, usaha, au maumivu wakati wa kukojoa. Hapo nikakumbuka. Kwenye wiki ya tatu hivi nilikuwa na kidonda kidogo kwenye uume, cha duara, kigumu pembeni, kisichouma kabisa. Nilidhani ni mchubuko. Kilipopona chenyewe nilifurahi, nikarudi kwenye kioo changu na ulimi wangu.

Alinitoboa kidole, akadondosha damu kwenye vipimo viwili, tukasubiri. VVU: mstari mmoja. Kaswende: mistari miwili.

Kidonda cha kaswende ndivyo kilivyo. Hakiumi, na kinapona bila dawa, wakati ugonjwa wenyewe unaendelea ndani. Ukiachwa miaka unaweza kufika kwenye moyo na ubongo. Kisonono na klamidia navyo, hasa kwa wanawake, mara nyingi havionyeshi dalili yoyote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila siku watu zaidi ya milioni 1 wanapata mojawapo ya hayo matatu au trikomona, na yote manne yanatibika yakaisha. Kwa hiyo ukifika pale usitaje ngoma peke yake. Sema: naomba kupimwa magonjwa yote ya zinaa mnayoweza kupima hapa.

Nilichomwa penisilini, sindano mbili, kila tako moja. Zinauma, sitakudanganya, nilitembea nachechemea hadi stendi. Yule mama alinitahadharisha kwamba usiku naweza kupata homa na kutetemeka, na kwamba hiyo ni kawaida kwa anayeanza tiba ya kaswende. Bila maneno yake, homa ile ingenirudisha chooni na tochi. Jambo jingine aliloniambia, nawe likumbuke: kipimo hiki cha haraka kinaweza kuonyesha mistari miwili maisha yote hata baada ya kupona, kwa hiyo kufuatilia tiba kunahitaji kipimo kingine cha maabara. Usije ukajipima mwakani ukazimia.

Kisha akaniandikia kwenye kikaratasi tarehe ya kurudia kipimo cha VVU. Tarehe moja. Nilikibandika nyuma ya mlango, na kila hofu ilipokuja usiku niliisomea ile tarehe. Sikupima tena hadi ilipofika. Majibu yalikuwa yale yale, mstari mmoja. Yangekuwa mawili, ningeanza ARV bure, kidonge kimoja kwa siku, na virusi vikishafubazwa visionekane kwenye damu simwambukizi mwenza wangu. Bibi yangu hakuwahi kuona zama hizi.

Kilichonishinda nguvu kuliko sindano ni simu. Ilibidi nimwambie yule dada. Nilizunguka nayo siku mbili mkononi, mwisho nikapiga: nimepimwa, nina kaswende, nimetibiwa, na wewe inabidi upime. Sikumuuliza nani kampa nani. Alikaa kimya muda mrefu hadi nikadhani amekata.

"Hicho kituo wanafungua saa ngapi?" akauliza.